Tangaza Biashara Yako Bila Kumdanganya Mteja

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ukiwa na kibanda Gikomba, na kushoto kulia wenzako wanauza viatu kama vyako, unajua hata kilicho chema lazima kiitiwe wateja. Kutangaza si kosa. Swali ni moja tu: ulichosema kwenye tangazo, mteja atakikuta akifungua mfuko?

Uongo unakugharimu pesa ngapi?

Tupige hesabu pamoja. Umenunua pea ya viatu vya mtumba kwa Sh900. Soli ya kulia ina ufa. Unapiga picha upande wa kushoto pekee na kuandika: "Kamera safi, hakuna hata mkwaruzo, Sh1,500, tunakuletea bure." Mteja wa Rongai analipa, nawe unalipa boda Sh200.

Jioni anaona ufa na anataka pesa zake. Unamrudishia Sh1,500, kisha boda ya kurudisha viatu ni Sh200 nyingine. Umepoteza Sh400, viatu bado unavyo, na picha ya ule ufa iko kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wao.

Sasa tuseme ungeandika: "Soli ya kulia ina ufa mdogo, angalia picha ya tatu. Sh1,200, boda unalipia mwenyewe." Faida ni Sh300. Si nyingi, lakini ni zako, hakuna atakayekuja kuzidai.

Mambo 5 ya kuangalia kabla ya kuweka tangazo

1. Onyesha kitu chenyewe. Usichukue picha nzuri kwenye intaneti halafu utume kitu tofauti. Kama ni mtumba, sema ni mtumba. Kama si orijino, usiite orijino.

2. Weka bei yote. "Bei njoo inboksi" huwachosha watu. Andika bei, na kama kuna ada ya kupeleka mzigo, itaje hapo hapo, si baada ya mteja kulipa.

3. Ofa iwe ofa kweli. Kupandisha bei kutoka Sh1,000 hadi Sh1,400 Jumatatu, halafu Ijumaa "kushusha" hadi Sh1,000, si punguzo. Na ukisema zimebaki pea mbili, ziwe mbili.

4. Usijisifu kwa mdomo wa wengine. Binamu yako ambaye hajawahi kununua kwako asiandike "nimepata mzigo wangu, asante sana". Omba wateja halisi waseme walichoona, hata kama mmoja atasema ulichelewa.

5. Namba ya mteja si yako. Mtu akikulipa kwa simu, namba yake amekupa kwa ajili ya malipo hayo, si ili umtumie ujumbe wa ofa kila wiki. Muulize kwanza: "Naweza kukutumia ujumbe tukipata mzigo mpya?" Akikataa, muache. Akikubali halafu abadilishe nia, mtoe kwenye orodha.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi.

Kuhusu namba na picha za watu, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hii si ya kampuni kubwa pekee. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kwa hivyo kabla ya kuposti picha ya mteja akiwa amevaa nguo uliyomuuzia, muombe ruhusa. Hata picha ya skrini ya ujumbe wa malipo, funika jina na namba.

Na kama ushakosea?

Usingoje mteja agundue. Mpigie: "Dada, nilikuambia ni ngozi, nimeangalia tena si ngozi. Nikurudishie pesa ama nikupunguzie?" Akitaka pesa, zirudishe siku hiyo hiyo kwa namba iliyolipa, na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha. Inauma, tunajua, hasa kama pesa ishaingia kwa stoki. Lakini mteja aliyeona ukirudisha pesa bila kusukumwa ana sababu ya kukuamini tena.

Pia hakikisha jina linalotokea mteja akilipa linafanana na jina la biashara kwenye tangazo. Akiona jina geni anaweza kudhani ni matapeli, na hapo hata tangazo la kweli linakosa mnunuzi.

Zoezi la leo

Fungua matangazo yako matatu ya mwisho. Soma kila moja kana kwamba ni wewe unayetuma pesa, na huwezi kukigusa kitu mpaka kifike. Neno lolote ambalo lingekufanya upige simu kulalamika, libadilishe leo, kabla pesa ya mteja anayefuata haijaingia.