Malipo Yamekwama? Hivi Ndivyo Tunavyotafuta Hitilafu

Umenunua ndizi soko la Keumbu, umelipa kwa simu, kiduara kinazunguka tu na mama muuzaji anakutazama. Usitume tena! Angalia kwanza salio na ujumbe wenye nambari ya muamala.

Nyuma ya kiduara hicho, programu inaita maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari. Kimoja huficha nambari yako ya siri isisomeke njiani, kingine hufungua mawasiliano na seva. Mafundi hufuatilia miito hiyo kwa vifaa kama ltrace ya Linux, ambayo huandika jina la kila mwito, umepewa nini na umejibu nini. Mwito usio na jibu hapo ndipo pa kuanzia. (Na kwa kuwa inaandika hadi kilichopewa, tunaitumia kwenye simu za majaribio pekee, si yako.)

Lakini kifaa chenyewe nacho huwa na hitilafu. Kazi ikigawanyika, kikafuata upande mmoja tu, mwito uliokwama hauonekani na fundi anabaki kukisia. Kikirekebishwa, kosa linapatikana, nawe unapata marekebisho ukisasisha programu.

Ukitupigia, tupe saa uliyolipa na kiasi. Nambari ya siri hatuiulizi.