Sinia la Wageni: Kufundisha Uhifadhi wa Chakula Baada ya Mavuno

Miongoni mwa mada ambazo mwanachuo huziona nyepesi aendapo katika mazoezi ya kufundisha, mada ya kumwandalia mgeni chakula ni ya mbele. Huiona nyepesi kwa sababu kila mtoto amekwisha kumwona mgeni akikaribishwa nyumbani kwao. Basi hudhani kazi yake ni kuchora sahani ubaoni, kuandika majina ya vyakula pembeni, na kumalizia kwa maswali matano. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mada hiyo ikishikwa vizuri ni somo zito la Sayansi, na ikishikwa vibaya yaweza kumdhuru mtoto kwa sumu ama kwa aibu. Somo la Sayansikimu, ambamo mada hii ilikuwamo zamani, halimo tena kwa jina hilo katika ratiba ya shule za msingi. Hata hivyo chakula, usafi na uhifadhi havikutoka shuleni pamoja na jina hilo.

Tulipata kumwangalia mwanachuo wetu mmoja akifundisha darasa la tano nje kidogo ya mji wa Songea. Kwa fedha yake mwenyewe alikuwa amechapisha kwa rangi picha ya sinia la wageni la Kizungu: ubao wa mti, vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, zabibu, matufaha na njugu. Akaibandika ubaoni, na juu yake akaandika: “Sinia la sikukuu ya vuli.” Juhudi yake ilistahili sifa, na tulimpa. Lakini watoto walikuwa na maswali. Mmoja aliuliza, “Mwalimu, vuli ni nini?” Mwingine akauliza, “Mwalimu, hiyo nyama haijapikwa?” La kwanza alilijibu kwa kubabaika. La pili aliliahirisha, akisema, “Sikiliza kwanza.” Hakulirudia tena hadi kengele ilipolia, na hilo la pili ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Tuanze na vuli, kwa kuwa neno hili huwapoteza wengi. Katika vitabu vyetu vya Jiografia hutumika kwa majira ya Ulaya ya majani kupukutika, yaani Septemba hadi Novemba. Mtoto wa pwani asikiapo vuli hukumbuka mvua za Oktoba hadi Desemba. Mtoto wa Songea, ambako mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, hana vuli ya namna yoyote. Lililo sawa na sikukuu ya vuli ya wenzetu, kwa maana ya ghala kujaa na kazi ya shamba kupungua, kwetu ni majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa. Na sikukuu yake ni Nane Nane, siku ya wakulima. Mwalimu atakayefundisha sinia la wageni katika wiki ya Nane Nane atakuwa na zana zote mlangoni pake bila kuchapisha picha.

Sasa nyama. Ulaya ya kale mkulima alichinja mifugo kabla ya majira ya baridi kali, kwa kuwa majani ya kulishia yalikwisha na baridi ilisaidia nyama isioze upesi. Nyama nyingi ikapatikana kwa mara moja, nayo ilipasa kudumu miezi. Ikapakwa chumvi, ikatundikwa juu ya moshi, ikaanikwa penye upepo. Kazi hiyo Wafaransa huiita charcuterie, jina lililotokana na maneno mawili yenye maana ya nyama na kupikwa, ingawa vipande vingi vya siku hizi havikupita motoni. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama, upepo huyachukua, na moshi huacha juu yake vitu vinavyozuia vijidudu. Kijidudu kisicho na maji hakizaliani. Jibu la mtoto yule, basi, lilikuwa: ni kweli haijapikwa, bali imenyang’anywa maji.

Mwalimu akikwisha kulisema hilo asiende Ulaya tena. Aelekeze macho ya darasa kwenye dagaa wa Ziwa Nyasa walioanikwa Mbamba Bay na kuuzwa sokoni Songea, kwenye karanga zilizokaushwa zikiwa na maganda yake, kwenye korosho za Tunduru, kwenye mihogo mikavu. Vyote vimenyang’anywa maji. Vyote vilitayarishwa na mtu aliyejua kwamba mgeni hatoi taarifa ya siku atakayofika. Hata ndugu zetu wanaosema Kiswahili huko Oman, wanaomtangulizia mgeni kahawa na tende, wanafuata kanuni hiyo hiyo: tende ni tunda lililokauka na lenye sukari nyingi, nalo hungoja mgeni mwaka mzima. Hivyo swali la kuliongoza somo zima ni moja: chakula hiki kimewezaje kufika siniani bila kuoza?

Tahadhari moja hapa. Mwanachuo mwenye bidii aweza kushawishika kukausha nyama ya nguruwe darasani ili aige picha. Asithubutu. Nyama ya nguruwe isiyoiva hueneza tegu, maradhi yanayojulikana sana katika Nyanda za Juu Kusini, na kuikausha kwa usalama kwataka ujuzi na vyombo ambavyo shule haina. Pia darasani mna watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na somo la ukarimu haliwezi kuanza kwa kumtenga mtu. Dagaa humaliza shauri hili kabla halijaanza: hawahitaji mchinjaji, na kila nyumba hula.

Maandalio

Somo hili twalipa vipindi viwili vinavyofuatana, dakika themanini kwa jumla. Wageni kumi waalikwe, wazazi wakiwa wengi wao, maana sinia lisilo na mgeni ni maonyesho tu. Hesabu ya vyakula ifanywe na watoto wenyewe siku iliyotangulia. Iwapo mgeni mmoja atapewa gramu 30 za karanga, yaani konzi moja hivi, wageni kumi wataka gramu 300. Na kwa kuwa sehemu ya karanga itatupwa wakati wa kuchambua, ziandaliwe gramu 400. Machungwa, ambayo wakati huo yako msimuni, yakikatwa vipande vinne na kila mgeni akipewa viwili, yatahitajika matano. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na parachichi vihesabiwe vivyo hivyo. Haya ni Hisabati safi, na hakuna haja ya kuyafundisha kama kwamba ni kitu kingine.

Swali gumu ni hili: chakula kitoke wapi? Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza tulipolijaribu somo hili tuliwaagiza watoto walete chochote walicho nacho, kisha tukawaita mezani mmoja mmoja. Mtoto mmoja wa kike alifungua kitambaa chenye karanga. Alikuwa amezileta kwa fahari, hilo lilionekana. Zilikuwa zimenyauka, na kadhaa zilikuwa na ukungu wa kijani. Tulisema kwa sauti, mbele ya wenzake arobaini, kwamba hizo hazifai. Alifunga kitambaa chake, akarudi kukaa, na hakugusa kitu mpaka vipindi vyote viwili vilipokwisha. Tulikuwa na haki kuhusu karanga. Kuhusu mtoto hatukuwa nayo.

Wala haikuwezekana kuzitia siniani kwa kumhurumia. Ukungu ule wa kijani au wa manjano waweza kuzaa sumukuvu. Sumu hii ilianza kufahamika baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Na mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu pia. Akilishwa kidogo kidogo kwa muda mrefu mtu haanguki, ila ini lake huharibika polepole. Mwalimu anayeyajua haya hana ruhusa ya kunyamaza. Hana pia ruhusa ya kumvua mtoto nguo hadharani.

Tulibadili utaratibu, na sasa ndio tunaoupendekeza. Mwalimu anunue mwenyewe nusu kilo ya karanga na kuitia katika kikapu chenye mfuniko kilichowekwa mlangoni. Watoto wote waingiapo wapitishe mkono ndani ya kikapu, aliye na kitu na asiye na kitu, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamwa. Viazi na matunda viwekwe katika kikapu cha pili kwa namna hiyo hiyo. Tangu hapo chakula ni cha darasa, wala hakina mwenyewe.

Darasani

Baada ya kunawa mikono kwa maji yanayomiminwa na sabuni, kila kikundi kipewe ungo na sehemu ya karanga, na kazi ya kwanza iwe kuchambua. Zitengwe zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zenye ukungu. Tulipolirudia somo kwa utaratibu huu, yule mtoto wa kitambaa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa vimezoea ungo. Ndiye pia aliyesema neno lililotufaa kuliko yote yaliyokuwa katika andalio letu: “Mama huzikaanga hizi mbaya, ukungu unatoka.”

Neno hilo mwalimu alingoje, na lisipokuja alilete yeye kwa kuuliza. Ukungu huonekana kutoka, lakini sumu haimalizwi na moto wa jikoni. Karanga zilizotengwa zisikaangwe, na zisisagwe. Hili la kusaga litiliwe mkazo, kwa sababu katika nyumba nyingi nzuri huuzwa, na mbovu husagwa zikaungwa katika mboga au katika uji wa mtoto mchanga. Kuku nao wasipewe, kwa sababu ile ile iliyowaua batamzinga. Zichimbiwe shimoni. Kisha mwalimu arudi nyuma na kuuliza ukungu uliingia lini, nao watoto wenyewe watafika kwenye karanga zilizoanikwa juu ya udongo, gunia lililolazwa sakafuni, na maganda yaliyolowanishwa ili kurahisisha kubangua. Watataja pia dawa zake: turubai au mkeka wa kuanikia, vichanja vya kuinulia magunia, na kungoja mpaka punje zicheze ndani ya ganda likitikiswa. Kwa kuwa wazazi wamealikwa, watayasikia haya kwa vinywa vya watoto wao bila kuhutubiwa na mtu. Yafaa mwalimu aulize mapema pia kama yupo anayedhurika kwa kula karanga, maana watu wa namna hiyo wapo, na kwao hata chache ni hatari.

Kupanga sinia lenyewe hakuhitaji maneno mengi. Vikavu vitangulie, kwa kuwa vinavumilia: karanga zilizokaangwa, korosho zikipatikana, dagaa waliooshwa na kukaangwa. Viazi na mayai vifuate. Vyenye maji vije mwisho, wageni wakiwa wamekwisha kuketi. Parachichi likatwe dakika hiyo na kunyunyiziwa ndimu, maana likiachwa wazi hugeuka rangi, na asidi ya ndimu hulichelewesha. Asali itiwe kikombeni katikati. Mayai na dagaa waliopikwa wasikae wazi zaidi ya saa mbili, na kawa lifunike yote mpaka wageni wakaribishwe. Tumeona wanachuo wakipoteza robo saa nzima kwa kupanga machungwa yawe kama ua. Yanapendeza, hatukatai, ila robo saa hiyo ilikuwa ya kuchambua karanga.

Wageni wakila, kila kikundi kitoe msemaji mmoja wa kueleza chakula kimoja kimefikaje pale bila kuoza. Wazazi waruhusiwe kusahihisha. Mzee mmoja aliyealikwa alichukua dakika kumi kueleza jinsi dagaa wanavyoharibika mvua ikiwanyeshea kichanjani, na hatukumkatiza, ingawa andalio lilikuwa limempa dakika mbili.

Kwa upande wa tathmini, swali la “Taja vyakula vitano vya kumwandalia mgeni” halipimi kitu, kwa kuwa mtoto angeweza kulijibu kabla ya somo. Tuliuliza badala yake: kati ya vilivyomo siniani, kipi kitafaa bado kuliwa Desemba, na kwa nini? Wengi walitaja dagaa na korosho. Yule mtoto wa kike aliandika: “Karanga, lakini si zile za gunia la chini, kwa sababu lile linagusa sakafu.” Jibu hilo tulilinakili jinsi lilivyo katika safu ya tathmini ya andalio letu.