Mke Wangu Aliozwa kwa Nguvu: Je, Ndoa Hii Inasihi?

SWALI: Nina duka hapa Malindi. Wiki tatu zilizopita nilimuoa binti wa jirani. Baba yake alikuwa na deni dukani kwangu, na ni yeye aliyenitajia bintiye. Tangu harusi mke wangu analala mkekani, na nikimsogelea hutetemeka. Juzi akaniambia kwamba alikataa tangu mwanzo, baba yake akatishia kumwondolea radhi na kumtaliki mama yake. Siku ya nikaha, alipoulizwa chumbani, alijiinamia akilia, shangazi yake akatoka kuwaambia mashahidi kuwa amekubali, ni haya tu. Sijamgusa. Wazee wananiambia mwanamke huzoea, na akina mama wanaulizia kisarawanda, kile kitambaa cha kuonyesha ubikira. Nampenda. Je, ndoa yangu inasihi? Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, kwanza endelea na msimamo wako: usimguse. Na hao wanaoulizia kisarawanda, waache waulize. Huna deni la kuwajibu.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 19, Mwenyezi Mungu ameharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu. Khansaa binti Khidham, mwanamke wa Kiansari aliyewahi kuolewa, aliozwa na baba yake mume asiyemtaka. Akamwendea Mtume (s.a.w.), naye akaivunja nikaha ile; Bukhari ameipokea. Abu Daud naye amepokea kwa Ibn Abbas habari ya bikira aliyelalamika vivyo hivyo, akapewa hiari. Na katika Nasai yumo msichana aliyeozwa mtoto wa ndugu wa baba yake, ili baba amkweze kijana huyo kwa ndoa hiyo. Alipopewa hiari, alisema amekubali alilofanya baba yake, ila alitaka wanawake wajue kwamba akina baba hawana amri katika jambo hili. Mfikirie mkeo, aliyetolewa kwa mtu anayemdai baba yake.

Najua utakavyojibiwa: sisi ni Mashafii, na baba ni walii mujbir, anaweza kumwoza bintiye bikira bila ya idhini yake. Ni kweli, kauli hiyo imo katika vitabu vya madhehebu yetu. Lakini wengi wanaoitaja hawafiki kwenye masharti yake. Mamlaka hayo ni ya baba na babu mzaa baba peke yao. Kaka na ami hawana. Tena pasiwe na uadui wa wazi baina ya binti na baba, wala baina ya binti na mume. Mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa kutoa mahari. Hata masharti yakitimia, kumtaka idhini ni jambo lililosuniwa. Yote hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba baba anamtafutia mwanawe kheri. Baba anayemwoza bintiye huku akimwangalia mdai wake ameibomoa dhana hiyo kwa mikono yake. Mahanafi hawampi baba uwezo wa kumlazimisha mwanamke baleghe mwenye akili timamu, na Ibn Taymiyya, aliyekuwa Mhanbali, aliona hivyo hivyo. Nami nasimama upande huo.

Ama ukimya wa bikira, sharia imeuhesabu kuwa idhini kwa kumhurumia anayeona haya kutamka. Mkeo alikwisha kutamka kwamba hataki. Baada ya hapo ukimya wake haukuwa na cha kukubali, na shangazi hakuwa na haki ya kumsemea.

Kwa hiyo siioni nikaha hii kuwa ya kujengea nyumba. Hata hivyo sikuambii utangaze kesho kwamba hakuna ndoa, maana wapo watakaosema inasihi, na khitilafu ya wanazuoni humalizwa na hukumu ya Kadhi. Nchini Kenya mlango huo uko wazi: ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu, na ibara ya 45 inataka ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili.

Kabla ya kwenda huko, mpe mkeo nafasi. Apumzike kwa mtu anayemwamini, si kwa shangazi yule, kisha aulizwe faraghani, wewe na baba yake mkiwa mbali. Akisema kwa hiari yake kwamba anakutaka, fungeni akdi upya mbele ya mashahidi, na mahari yafike mkononi mwake, kwa kuwa ni mali yake. Akisema hataki, nendeni kwa Kadhi pamoja. Umwambie kwamba hamjaingiliana, lakini mmekaa faragha, kwa sababu wanazuoni wametofautiana kama faragha peke yake inaleta eda na mahari kamili.

Unasema unampenda. Mughith naye alimpenda Barira. Barira alipoachwa huru kutoka utumwani, akapewa hiari ya kubaki na mumewe, alimwacha. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina, machozi yakimchuruzika ndevuni. Mtume mwenyewe akamwombea. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni ombi tu. Akasema hana haja naye, na hakulazimishwa. Ikiwa ombi la Mtume halikufanywa amri, la baba mwenye deni litafanywaje?

Mkiachana, usinyamaze. Kaa na wazee wa pande zote mbili, useme kwa kinywa chako kwamba binti huyu hana kasoro yoyote, kwamba aliozwa bila ya ridhaa yake, nawe umeona haramu kumshikilia. Bila ya hivyo mtaa utamtungia maneno, na yeye ndiye atakayeyabeba. Na deni la dukani mdai aliyekopa. Binti hakuwahi kuwa rehani yake.