Somo juu ya Bwaki: Mama Wapike Pamoja

Mama, tazama mutoto wako aliyeacha ziwa. Je, miguu yake imevimba? Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi? Ngozi inabambuka? Hachezi tena, anakaa na kulia tu? Huu ndio ugonjwa ambao watu wengi wa Kivu wanauita bwaki.

Wanganga wanauita kwashiorkor. Jina hili si la Wazungu. Ni neno la Waga, watu wa Ghana. Munganga mwanamuke, Cicely Williams, alilisikia kwa mama wa huko, akaliandika mwaka wa 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mudogo wake amezaliwa. Ni kusema, mama wale walijua saa ya kuanza kwake mbele ya wanganga.

Wengine wanasema mutoto wa namna hii amelogwa, ao amepewa sumu. Wanauza mbuzi wapate kumulipa mufumu, siku zinapita, na mutoto anakufa. Mbuzi amekwisha, mutoto amekwisha.

Basi sababu ni nini? Fufu ya muhogo inajaza tumbo, lakini haijengi mwili. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, ndiyo chakula cha kujenga mwili, haifiki hata gramu 2. Katika maharagi makavu iko karibu gramu 22, katika karanga gramu 25, na katika ndagala kavu karibu gramu 60. Surua na kuhara vinazidisha matata, na wanganga wa leo wanajua ya kuwa si ukosefu wa protini peke yake. Lakini mutoto anayekula fufu na muchuzi wa chumvi tu, kila siku, yuko katika hatari.

Utajibu: «Sisi ni maskini.» Sikiliza kwanza habari ya nchi ya mbali, Vietnam.

Mwaka wa 1990 Jerry Sternin na bibi yake Monique walifika kule kwa kazi ya shirika la Save the Children. Serikali iliwapa miezi 6 tu. Katika vijiji vya jimbo la Thanh Hoa, karibu watoto wawili kwa watatu walikuwa na utapiamlo. Hawakuanza kwa kugawa maziwa. Waliuliza hivi: Je, kuna jamaa maskini sana ambayo mutoto wao ni muzima? Walipatikana. Wakaingia katika majiko yao kutazama. Mama wale waliokota kaa na kamba wadogo katika mashamba ya mupunga, wakawapika pamoja na majani ya viazi vitamu. Vitu hivi vilikuwa bure, lakini majirani walisema havifai kwa watoto wadogo. Tena waliwalisha watoto kidogo kidogo, mara nne ao tano kwa siku, si mara mbili.

Kisha mama wa watoto waliokonda walikusanyika kila siku, muda wa juma mbili, kupika pamoja. Kila mutu alileta mukononi kaa, kamba na majani. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kuingia. Unaona akili yao? Mutu aliyesikia mafundisho anaweza kusahau akifika nyumbani. Lakini aliyeokota mwenyewe, akapika mwenyewe, akaona mutoto wake anaomba tena, huyu hasahau. Na maziwa ya kugawiwa yana mwisho. Gari lisipofika, mutoto anarudi kukonda.

Mama wa Congo hawahitaji mugeni kuwafundisha kukusanyika. Mnatwanga sombe pamoja, mnalima pamoja, na wimbo hauwapungukii. Basi, mama nane ao kumi wachague kiwanja kimoja, wapike pamoja siku 12. Kila mutu alete alichonacho: ndagala, sambaza, maharagi, karanga, lengalenga, kumbikumbi wakati wao. Pimeni watoto siku ya kwanza na ya mwisho. Katika siku hizo mutoto anaweza kuongeza gramu 200, hata zaidi. Mwenye sauti nzuri atunge wimbo wa vipimo: vikombe vitatu vya unga wa mahindi, kimoja cha soya iliyokaangwa vizuri na kusagwa. Wimbo unafika hata kwa mama asiyejua kusoma, na watoto wakubwa watauimba njiani bila kutumwa.

Angalieni mambo machache. Twangeni ndagala zikiwa kavu mpaka ziwe unga, miiba isimukwame mutoto. Sombe itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, sababu majani mabichi yana sumu. Muhogo muchungu umenywe na kulowekwa siku tatu. Karanga zenye ukungu zitupwe. Msiseme «tutazikaanga tu». Mafuta ya mawese mekundu ni mema kwa macho. Kila mutu anawe mikono kwa sabuni mbele ya kupika na mbele ya kulisha. Na mwenye mutoto chini ya miezi 6 amupe ziwa tu, bila uji.

Ninyi baba, neno hili ni lenu pia. Mayai yanakwenda sokoni, ao yanangojea mugeni, na mutoto anaambiwa yai si chakula chake. Baba akisema mbele ya watu, «Yai hili ni la mutoto,» mukutano wa mama utadumu.

Lakini watoto wengine wasingojee siku 12. Bonyeza miguu yote miwili ya mutoto kwa kidole gumba, ukihesabu mpaka tatu. Kama shimo linabaki, mupeleke hospitali leo. Mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ambaye mukono wake wa juu, ukizungushwa utepe wa kupimia, haufiki sentimeta 11 na nusu, aende pia. Atatibiwa kwanza, kisha atarudi kwenye chungu cha mama.

Maulizo:
Katika kijiji chenu, ni mama gani maskini ambaye watoto wake ni wazima? Anapika nini?
Ni chakula gani cha shamba ao cha ziwa mnachokataza watoto? Nani alianza kukikataza?
Kiwanja cha nani kinaweza kutosha mama kumi?