Intaneti mu biro ya koperative: namna ya kuweka ruta kwa mara ya kwanza

Somo kwa wanamemba na kamati za koperative za Lualaba

Bei ya mahindi ku Kolwezi haikai pahali pamoja. Mji ule ni mji wa migodi, watu wengi hawalimi, na unga mwingi unatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Siku Zambia inapokataza mahindi yake yasitoke, bei ku Kolwezi inapanda. Mnunuzi aliye na intaneti anajua habari hiyo asubuhi. Mkulima wa upande wa Lubudi ao Mutshatsha anaijua wakati mifuko yake imekwisha kupandishwa kwenye gari ya yule mnunuzi.

Ndiyo sababu koperative inaweza kuamua kuweka intaneti mu biro yake. Kuwasha kifaa si kazi ngumu, nusu saa inatosha. Kazi ngumu inakuja nyuma: mega zinakwisha bila mtu kujua nani alizikula, kode inajulikana na kijiji kizima, na mwisho kifaa kinalala mu kabati na mavumbi juu yake. Somo hili linafundisha mambo mawili: kuwasha, na kulinda.

1. Ruta ni kitu gani?

Ruta ni kisanduku kidogo kinachopokea intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta zilizo karibu, bila kamba. Mu duka watasema ruteri, wengine modemu. Kule kugawa bila kamba ndiko kunaitwa wifi (hapa hatusemi juu ya dada ya bwana!).

Ruta haitengenezi intaneti. Iko kama bomba la maji kijijini: maji yasipotoka kwenye chanzo, bomba ni chuma tu. Kwetu chanzo ni antene ya kampuni ya simu. Mtandao wa 4G ulianza katika nchi yetu mwaka 2018. Kwa hiyo ruta ya kununua ni ile yenye nafasi ya kuingiza kadi SIM, na kwenye kartoni kumeandikwa 4G ao LTE. Kama haina nafasi ya SIM, ile ni ya kamba ya mjini. Hata kama bei ni ndogo, iache.

Je, Starlink, ile ya satelite? ARPTC, mamlaka inayosimamia simu katika nchi, iliikataza mwaka 2024, kisha ikaipa ruhusa mwaka 2025. Inaweza kusaidia pahali ambapo antene ya simu haifiki kabisa. Lakini sahani yake inataka mbingu wazi bila miti, na inakula umeme mwingi kuliko ruta ndogo ya SIM. Kwanza pima mtandao wa simu.

2. Mbele ya kununua

Pima mtandao. Chukueni simu tatu zenye 4G, moja ya Vodacom, moja ya Airtel, moja ya Orange. Simameni mu biro yenyewe, si ku barabara. Angalieni alama juu ya kioo: 4G ni vizuri; H ni 3G, inatosha kwa ujumbe na picha; E ni mtandao wa zamani, polepole sana. Fanyeni hivyo asubuhi, tena saa moja ya jioni wakati watu wengi wako kwenye mtandao. Kampuni inayoshinda pale kwenu ndiyo mtachukua, hata kama nyingine ina sifa kubwa mjini.

Andikisheni SIM vizuri. Hapa koperative inaweza kupotea bila kujua. SIM inaandikishwa kwa kitambulisho, mara nyingi karte ya uchaguzi ya mtu mmoja. Yule mtu akihama, ao akigombana na kamati, laini ni yake kwa sheria. Ulizeni kwenye duka la kampuni kama wanaweza kuiandika kwa jina la koperative, na mbebe karatasi zenu za kuandikishwa. Ikishindikana, mwandike mu kitabu cha mikutano: nambari hii ni ya koperative, iliandikishwa kwa kitambulisho cha fulani, na sahihi yake pale chini.

Tena, SIM ya ruta isiwe ile yenye feza za koperative. M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya koperative ikae kwenye SIM nyingine, mu mkono wa mshika feza.

3. Umeme

Kamba kubwa ya umeme kutoka Inga, ya kilometa karibu 1,700, inaishia Kolwezi tangu mwaka 1982. Baraji za Nzilo na Nseke nazo ziko upande wetu. Lakini kuishi chini ya kamba si kuwa na umeme, na hata mwenye umeme wa SNEL anajua kwamba unakatika.

Habari njema: ruta inakula kidogo. Angalia kichwa cha kuchomeka. Mara nyingi kimeandikwa 12V 1A, maana yake wati 12 kwa wingi. Tufanye hesabu:

- Ruta saa 10 kwa siku: 12 × 10 = 120.
- Batri ya 12V 40Ah inashika 12 × 40 = 480. Batri ya asidi usiikaushe kupita nusu, kwa hiyo uko na 240.
- Paneli ya wati 50, kwa saa 5 za jua zuri: 50 × 5 = 250.

Basi paneli moja ya wati 50 na batri moja ya 40Ah vinatosha, na vinabakisha nguvu ya kuchaji simu chache. Kumbukeni kwamba wakati wa mvua jua linapunguka, siku nyingine hamtapata ile 250. Kati ya paneli na batri muweke regilatere. Ukiunganisha ruta na batri, angalia alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ukizibadilisha, ruta inaweza kuungua mara moja. Na radi ikianza kulia, chomoa kila kitu.

4. Kuwasha, hatua kwa hatua

1. Weka SIM kwanza mu simu. Nunua mega, fungua WhatsApp, uone kama inatembea. SIM ikiuliza PIN, iondoe mu mapangilio ya simu.
2. Ruta ikiwa imezimwa, ingiza SIM kwa namna mchoro unavyoonyesha.
3. Weka ruta juu, karibu na dirisha linaloelekea antene. Isiwe chini, isiwe nyuma ya mifuko ya mbolea, isiguse mabati. Bati na ukuta mnene vinazuia mtandao.
4. Washa, ungoje dakika tatu. Taa ya umeme inawaka kwanza, halafu ya mtandao, halafu ya wifi.
5. Geuza ruta. Chini kuna karatasi iliyobandikwa: jina la wifi, kode yake, na nambari kama 192.168.8.1 ao 192.168.0.1. Ipige picha.
6. Mu simu fungua Wifi, chagua lile jina, andika kode. Herufi kubwa na ndogo ziandikwe vile vile.

Fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, intaneti iko. Usipofunguka, piga simu kwa kampuni uwaulize APN yao, yaani jina la mlango wa intaneti, utaliandika kwenye ukurasa wa ruta. Namna ya kufika pale iko hapa chini.

5. Kufuli tatu

Wengi wanaishia hatua ya 6. Lakini kode ya kwenye karatasi inaweza kusomwa na kila mgeni anayeingia mu biro.

Zima kwanza mega za simu yako, ubaki kwenye wifi peke yake. Fungua Chrome, na pale juu pa kuandika anwani andika ile nambari ya chini ya ruta. Ukurasa wa ruta unafunguka na kukuuliza jina na kode. Viko kwenye karatasi ile ile, mara nyingi neno admin.

Kufuli ya kwanza: kode ya kuingia kwenye ukurasa. Ibadilishe mbele ya yote. Anayeijua hiyo ndiye mwenye ruta. Anaweza kuwafungia nje ninyi wote.

Kufuli ya pili: kode ya wifi. Weka herufi na nambari, 12 ao zaidi. Usiweke jina la koperative, wala nambari ya simu ya prezida. Mahali pa kuchagua usalama chagua WPA2 ao WPA3. Kama kuna WPS, izime.

Kufuli ya tatu ni ya mbao. Nyuma ya ruta kuna tundu dogo. Mtu akiingiza sindano na kukaza sekunde 10, ruta inasahau yote na kurudi kwa kode za kwenye karatasi. Kwa hiyo muitengenezee kasanduku ya mbao yenye matundu ya hewa na kufuli. Isiwe ya chuma, itafunga mtandao ndani.

Kode zote ziandikwe kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, mu keshi ya koperative. Mtu mmoja akizishika kichwani peke yake, siku akiugua biro imefungwa.

6. Nani alikula mega?

Tuchukue mfano. Koperative ya wanamemba 40 imenunua giga 10 kwa mwezi, karibu mega 10,000. Video ya kawaida inakula karibu mega 500 kwa saa. Vijana watano wakiangalia saa moja kila siku: 5 × 500 = 2,500 kwa siku. Siku ya nne giga 10 zimekwisha, na mchango wa mwezi mzima pamoja nazo. Sasa mu mkutano: "Mega inaisha tena! Ni nani?" Kila mtu anaangalia chini.

Kazi za koperative zenyewe hazikuli sana. Ujumbe wa bei kwa mnunuzi ni kama tone. Kuzungumza kwa sauti ku WhatsApp hakufiki mega moja kwa dakika. Programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa picha ya jani, inatumika bila intaneti na inasema Kiswahili. Unaishusha mara moja mu biro, kisha unakwenda nayo shambani. Muishushe Nuru kabla ya kitu kingine.

Mwizi mwingine hana sura: simu zenyewe. Simu ikiona wifi inadhani mega ni za bure, inaanza kushusha programu mpya na kupandisha picha zote. Kwenye kila simu, mu Play Store, zima kusasisha programu kwa nafsi yake. Mu WhatsApp, zima kushusha video.

Ukurasa wa ruta unaonyesha simu zilizoingia, na ruta nyingi zinakubali uweke mwisho wa idadi yao. Zingine zina wifi ya wageni yenye kode yake. Kode hiyo mnaweza kuibadilisha kila wiki bila kugusa ile ya kamati.

7. Ikikataa

- Taa hata moja haiwaki: angalia batri, kamba na kichwa.
- Wifi inaonekana, intaneti hakuna: mara nyingi mega zimekwisha. Angalia ukurasa wa ruta, ao rudisha SIM mu simu uulize salio.
- Inatembea polepole: hesabu simu zilizoingia, kisha sogeza ruta. Hata mita moja inaweza kubadilisha.
- Wifi haifiki ku depo: ruta ikiwa na majina mawili, 2.4 na 5, tumia 2.4. Inafika mbali zaidi. 5 ni ya haraka lakini ukuta unaizuia.
- Kode imesahauliwa: fungua bahasha. Tundu la sindano liwe la mwisho, na APN na kode zote mtaziandika upya.

8. Kazi ya mkutano ujao

Someni somo hili pamoja, kisha mjibu na kuandika majibu mu kitabu cha mikutano:

1. SIM iko kwa jina la nani, na akiondoka tutafanya nini?
2. Watu wawili gani wanashika kode? Mmoja awe wa kamati ya uongozi, mwingine wa tume ya usimamizi.
3. Intaneti inafunguliwa saa ngapi, na kwa kazi gani? Wanafunzi na wagonjwa wenye shida watapewa namna gani?
4. Feza za mega zinatoka wapi kila mwezi? Je, mwanamemba anayetaka video atalipa falanga ngapi?
5. Nani anaandika kila Jumatatu bei ya mahindi ya Kolwezi ku ubao wa inje, hata wasio na simu waisome?

Swali la tano lisiruke. Ruta ilinunuliwa na michango ya wote, na mama asiye na simu ya kioo alitoa mchango sawa na wengine. Bei ikikaa mu simu ya prezida peke yake, yeye bado atauza kwa bei ya mnunuzi.