Usiache Kidonge Kimyakimya: Kuishi na Dawa za Homoni Baada ya Tiba ya Saratani ya Matiti
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Buzuruga na maeneo jirani

Mama amemaliza dripu, amemaliza mionzi, nywele zimeanza kuota upya na majirani wamekuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Kisha anakabidhiwa boksi la vidonge: kimoja kila siku, kwa miaka 5. Miezi minne baadaye boksi lipo juu ya kabati, vumbi limeshalitanda, na hakuna aliyeambiwa. Si mume, si daktari, si sisi.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya boksi hilo. Malalamiko yanayotufikia kutoka Buzuruga, Nyakato, Mahina na Igoma yanafanana: dawa inanichoma mwili, dawa imenivuruga hedhi, dawa imeniharibia ndoa. Tunayaamini. Mwili wako unakuambia kweli. Lakini kuna jambo moja tutalisema hapa mara nyingi, na atakayechoka kulisikia atuvumilie: usiache kidonge kimyakimya. Lalamika, kasirika, rudi kliniki hata kama si tarehe yako, dai kubadilishiwa dawa. Usiache kimyakimya.

Wapo wanaosema wataalamu huficha madhara ya dawa ili watu waimeze. Tunajua neno hilo limetoka wapi. Wengi walipewa dawa dirishani bila maelezo yoyote zaidi ya "moja kwa siku". Basi hapa tunayataja madhara makubwa kwa majina yake, pamoja na yale ya aibu, na tunajivunia kuyasema hadharani.

KIDONGE KINAFANYA NINI

Si kila saratani ya matiti hulishwa na homoni. Ndiyo maana kinyama kilichotolewa kwenye titi lako kilipelekwa maabara: kuangaliwa kama chembe za saratani zina vipokezi, yaani mahali ambapo homoni ya kike iitwayo estrojeni hukaa na kuziamuru zikue. Jibu likiwa chanya ndipo unapewa dawa za homoni. Likiwa hasi, dawa hizi hazikuhusu, na usiombe kidonge cha jirani.

Fikiria daladala iliyojaa pale stendi ya Buzuruga. Tamoksifeni, dawa inayotumika sana katika kundi hili, huingia na kukaa siti zote. Estrojeni ikifika inakuta pamejaa. Haifukuzwi mwilini, inakosa pa kukaa tu. Ukiacha dawa, siti zinabaki wazi.

Na estrojeni ikikaa tena, huweza kuuamsha ule ugonjwa ulioudhani umekwisha. Chembe chache za saratani huweza kubaki mwilini bila maumivu, bila uvimbe, bila dalili yoyote, kwa miaka. Kwa hiyo kujisikia mzima si kibali cha kuacha dawa. Tafiti zilizokusanya maelfu ya wanawake wenye saratani ya aina hii zimeonyesha kwamba tamoksifeni ya miaka 5 hupunguza karibu nusu ya matukio ya ugonjwa kurudi katika miaka 5 ya kwanza, na hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Soma tena: miaka 15. Kinga inaendelea hata baada ya vidonge kwisha, lakini kwa aliyevimaliza. Baadhi huambiwa waendelee hadi miaka 10. Hiyo si adhabu.

Ukisahau kidonge leo, usitishike. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa. Kinywe ukikumbuka siku hiyohiyo, na kama siku imepita, endelea na cha leo, wala usimeze viwili kwa mpigo. Tunachokiogopa sisi ni mwezi mzima, kisha miwili, kisha kimya.

JOTO LA GHAFLA

Hili huwaachisha wengi dawa. Joto huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo hudunda, jasho hutiririka, na baada ya dakika chache unahisi baridi. Usiku unaamka shuka limelowa.

Hapa kwetu kando ya Ziwa, jasho la usiku lina jina moja tu: malaria. Mama anapita duka la dawa, ananunua mseto bila kupima, joto linarudi, ananunua tena. Kisha anahitimisha kwamba vidonge vya homoni "vinashusha kinga" na kuviweka kabatini. Tafadhali, pima kwanza. Kipimo cha malaria ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Na kinyume chake pia ni kweli: homa inayokaa, kichwa kinachouma na viungo vinavyolegea visisingiziwe kidonge. Pima.

Onyo la pili: usitupe chandarua. Tunajua kina joto. Lakini mbu wa ziwani hawajui kwamba unatumia dawa. Fungua dirisha lenye wavu, lala na khanga moja nyepesi badala ya blanketi, weka kitambaa chenye maji baridi karibu na mto. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huamsha joto kwa wengi, hivyo jichunguze ni kipi kinakuamsha wewe. Wengine hupata nafuu kwa kuhamisha saa ya kidonge kutoka asubuhi kwenda usiku, au kinyume chake. Kwa wengi joto hupungua miezi inavyosonga.

Lisipopungua, zipo dawa za hospitali zisizo na homoni za kulituliza. Usijinunulie. Baadhi ya dawa za sonona, hasa fluoksetini na paroksetini, huzuia mwili kuigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Unameza kila siku, kumbe unameza nusu kazi. Kila mganga au mfamasia anayekuandikia chochote, mwambie unatumia tamoksifeni. Mweleze pia kuhusu mitishamba. Mwaka 2011 nchi nzima ilishuhudia foleni za magari kuelekea Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na waliokuwa kwenye dawa za kudumu ilibidi wahimizwe wasiziache. Hatumkatazi mtu imani yake. Tunamkataza kuacha kidonge.

MAMBO YA CHUMBANI

Akina mama, hili hamlisemi, kwa hiyo tutalisema sisi. Dawa huweza kuleta ukavu ukeni, au ute mwingi, na hamu ya tendo kupungua. Mume anadhani amechukiwa. Mke anavumilia maumivu mpaka hawezi tena, na njia rahisi anayoiona ni kuacha dawa. Kilainishi chenye asili ya maji kinauzwa famasi na kinasaidia. Krimu zenye homoni usipake mpaka daktari wa saratani aseme. Baba, ukisoma hapa: si chuki na si mchepuko. Ni dawa inayomlinda mkeo. Nenda naye kliniki, ukae ndani, usikie mwenyewe.

Sasa onyo ambalo hupuuzwa sana. Hedhi ikikatika kwa sababu ya dawa, usidhani huwezi kushika mimba. Tamoksifeni ilitengenezwa mwaka 1962 katika maabara za kampuni ya ICI huko Uingereza, na waliokuwa wakiitafuta walitaka dawa ya kuzuia mimba. Kwa wanawake ilifanya kinyume: iliamsha mayai. Hivyo mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata mimba akiwa kwenye dawa, na dawa inaweza kumdhuru mtoto. Vidonge vya majira, sindano na vijiti vina homoni, havikufai. Omba kitanzi cha shaba, au tumieni kondomu. Unayetamani kuzaa, usiache dawa kwa siri ili ubebe mimba. Mwambie daktari, upangiwe wakati.

MGUU MMOJA, NA DAMU

Tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Haitokei kwa wengi, lakini inaua. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto au mwekundu kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiuchue. Tunarudia, kwa sababu kwetu mguu ukiuma anaitwa shangazi mwenye mafuta: USIUCHUE. Bonge la damu likichomoka mguuni hukimbilia kwenye mapafu. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikachoma, ukakohoa damu, usisubiri kupambazuke. Hapo daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha dawa, na huko si kuacha kimyakimya.

Wanaokuja hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Bukoba au Kigoma hukaa kwenye basi saa nyingi. Kunywa maji, chezesha nyayo ukiwa umekaa, shuka utembee kila basi linaposimama.

Damu ukeni kwa mama aliyekwishakoma hedhi si "ujana kurudi". Ndani ya mfuko wa uzazi tamoksifeni hufanya kama estrojeni, na huweza kunenepesha ukuta wake hadi kuleta saratani. Kwa waliokoma hedhi hutokea kwa wanawake kama 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Ni wachache, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Hata matone, hata mara moja, nenda ukachunguzwe. Macho yakipata ukungu, sema pia, kwani mtoto wa jicho huweza kuongezeka.

WALIO KWENYE ANASTROZOLI AU LETROZOLI

Hizi hupewa hasa waliokoma hedhi. Zenyewe hupunguza kiwango cha estrojeni mwilini, na malalamiko yake makubwa ni viungo: vidole vinakakamaa asubuhi, magoti yanalia. Kutembea kila siku hupunguza maumivu hayo kuliko kulala. Mifupa nayo hudhoofika, na hapa Ziwa limetupa msaada: dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, wanaoliwa wazima na mifupa yao, wana madini mengi ya kuimarisha mfupa. Maumivu yakizidi, omba kubadilishiwa. Kubadilisha dawa kunaruhusiwa.

Wanaume nao hupata saratani ya matiti, na hupewa tamoksifeni. Maonyo ya mguu na pumzi yanawahusu sawasawa.

MALIPO

Kwa kifupi. Mwenye bima aulize dirishani kifurushi chake kinalipia dawa zipi kabla ya kupanga foleni. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali akiwa na barua ya serikali ya mtaa. Masharti mengine yote ataelezwa huko.

SIKU YA KLINIKI

Zamani mgonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Leo mionzi ipo Bugando, mlimani pale, na mtu wa Buzuruga anakwenda na kurudi kwa daladala siku hiyohiyo. Njoo na daftari lako, na maboksi yote, matupu na yaliyojaa. Andika siku ulizopata joto, siku ulizoona damu, siku ulizoruka kidonge. Andika ukweli, maana daktari anayedanganywa kuhusu vidonge hupima kitu kisichokuwepo.

Na wewe ambaye boksi lako lipo juu ya kabati: usianze tena peke yako na usione haya. Lishushe, lifute vumbi, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, liweke kwenye mkoba pamoja na daftari. Ukifika, sema hivi: "Niliacha tarehe fulani, kwa sababu hii."