Somo la 6: Kujenga kwa Siku Sita

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 127:1, 2, Luka 14:28-30, Kut. 31:1-17, Kut. 35:1-3, Kum. 24:14, 15; Yer. 22:13-17, Kum. 22:8, Isa. 65:21, 22.

Fungu la Kukariri: Zaburi 127:1.

Familia moja ya washiriki, nje kidogo ya mji wa Musoma, ilipanga nyumba kwa miaka kumi na moja kabla ya kununua kiwanja. Walichora ramani yao wenyewe kwanza, kwenye daftari la mtoto: vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, stoo, na kibaraza kipana upande wa ziwa kwa ajili ya ibada ya jioni. Mchoraji aliyewatengenezea ramani rasmi alitaka kukifuta kibaraza ili kupunguza gharama. Mama alikataa.

Wametukubalia tusimulie habari zao katika somo hili, pamoja na sehemu wasiyojivunia. Watu wengi katika makundi yetu wanajenga, au wanatamani kujenga, na ni mara chache tunafungua Biblia juu ya jambo hilo hadi siku ya kuweka wakfu nyumba iliyokwisha kuezekwa. Wakati huo maamuzi karibu yote yameshafanyika.

JUMAPILI
Kuketi na Kuhesabu

Soma Luka 14:28-30. Yesu anatumia mfano wa mjenzi kufundisha nini kuhusu kumfuata?

Fungu hili linahusu uanafunzi. Hata hivyo, mfano hufanya kazi kwa sababu wasikilizaji waliujua: walikwisha kuona msingi ulioachwa na watu wakicheka. Nasi tunaona maboma yasiyo na paa kando ya barabara zetu, miti ikiota ndani ya sebule.

Tuwe waangalifu hapa. Katika nchi yetu wengi hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujenga bila kuzama katika madeni. Yesu hamlaumu mtu huyo. Anayechekwa katika mfano ni yule ambaye hakuketi kuhesabu. Anayejua kwamba mwaka huu ana fedha za msingi tu, akajenga msingi akasimama, amehesabu vizuri kuliko jirani aliyepandisha kuta kwa mkopo.

Familia yetu ilihesabu tofali, saruji, nondo, mbao na bati. Ilihesabu hata maji ya kununua. Kitu kimoja hawakukihesabu, nacho kilikuwa siku.

JUMATATU
Zege la Sabato

Fundi mkuu alikuwa mtu mwaminifu, mwenye kazi nzuri, asiye wa imani yetu. Walikubaliana naye bei na muda. Juu ya Sabato baba alisema neno moja tu, wakiwa wamesimama kiwanjani: “Jumamosi sisi huwa hatupo.” Fundi akaitikia. Alielewa kama mtu yeyote angeelewa, kwamba mwenye nyumba hatakuwepo.

Msingi ulipokamilika ikabaki kumwaga jamvi. Ijumaa jioni fundi alipiga simu. Mashine ya kuchanganya zege imepatikana, lakini kwa kesho tu. Baada ya hapo inakwenda kazi nyingine kwa wiki mbili. Kokoto zipo, mchanga upo, vibarua kumi wameshaambiwa.

“Mzee, wewe nenda kanisani kwako,” fundi alisema. “Sisi tutamwaga. Hutashika hata koleo.”

Baba alinyamaza. Kisha akasema, “Haya.”

Kesho yake aliketi kanisani katika kundi la kujifunza, somo mkononi. Mkewe hakuwa na habari. Walipokuwa wakirudi nyumbani alasiri, binti yao wa miaka tisa aliona kwa mbali watu na moshi wa mashine kiwanjani. Akauliza, “Baba, wale wanaiba vitu vyetu?”

Baba anasema alitafuta jibu, akakosa. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wake, wakifanya kazi yake, kwa fedha zake.

Soma Kutoka 20:8-11. Orodhesha wote wanaotajwa katika aya ya 10. Kwa nini Mungu hakuishia kwa mwenye nyumba na watoto wake?

Amri inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja mgeni aliye ndani ya malango, hata mnyama. Kwa hiyo swali la “nani ameshika koleo” halitoshi. Amri inauliza pia koleo hilo linachimba kwa agizo la nani.

JUMANNE
Amri Katikati ya Ujenzi

Soma Kutoka 31:1-17. Mistari 11 ya kwanza inahusu nini, na mstari wa 12 unaingiza jambo gani? Linganisha na Kutoka 35:1-3.

Mungu amemaliza kutoa ramani ya hema ya kukutania. Anamtaja Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani, anaeleza kwamba amewapa ustadi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Tungetarajia ijayo iwe amri ya kuanza kazi. Badala yake inakuja Sabato. Na Musa anaposhuka na kuukusanya mkutano wote, neno lake la kwanza kwao, kabla ya kuomba hata uzi mmoja wa mchango, ni siku sita na siku ya saba.

Kama kulikuwa na jengo ambalo lingestahili kuruhusiwa kuvunja pumziko, ni hilo. Lilikuwa nyumba ya Mungu mwenyewe, ramani ilitoka kwake, mafundi walijazwa Roho wake. Hata hivyo nyundo zilipaswa kunyamaza. Hatuwezi basi kudai kwamba jamvi la sebule yetu lina haraka kuliko patakatifu.

Fundi anajua kwamba zege linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa, kwa kawaida saba au zaidi, lisije likapasuka. Swali hili huulizwa sana: je, tumwagilie Sabato? Familia hii, walipofika kwenye lenta, walipanga kumwaga zege Jumatatu asubuhi. Walimwagilia kila siku. Ijumaa mchana walifunika lenta yote kwa magunia, wakayalowesha kabisa, wakatandika turubai juu. Jua lilipozama hapakuwa na kazi iliyobaki. Jumapili asubuhi magunia yalikuwa bado na unyevu. Wengine watasema kumwaga ndoo ya maji ni kama kumtoa ng’ombe kisimani (Luka 14:5). Inawezekana, kwa aliyepatwa na dharura. Lakini ng’ombe wa mfano ule alitumbukia. Hakusukumwa.

JUMATANO
Jua la Ijumaa

Baada ya jamvi lile, baba alimweleza mkewe, wakaenda wote wawili kwa fundi. Hawakumlaumu, maana kosa halikuwa lake. Walimwambia: siku ya Sabato kiwanja kinafungwa, hata mashine ikiletwa bure.

Fundi alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo wao hawakuwa wamelifikiri. “Na hawa vijana, Mzee? Wanalipwa kwa siku. Jumapili wengine wao wanakwenda kanisani. Ukiwaondolea na Jumamosi, wanakula nini?”

Soma Yeremia 22:13-17. Ni kosa gani linaloshtakiwa, na Yosia anatofautianaje na mwanawe?

Yehoyakimu alijenga jumba lenye vyumba vipana na madirisha, akalipamba kwa mwerezi na rangi nyekundu. Wakati huohuo watu wake walikuwa wakitozwa fedha ili kumlipa Farao (2 Fal. 23:35). Nabii halaumu mwerezi peke yake. Analaumu kumtumikisha jirani bila ujira. Baba yake Yosia naye alikula na kunywa, asema Yeremia, lakini alitenda hukumu na haki, akatetea maskini na mhitaji. Na kufanya hivyo ndiko kumjua Bwana. Tafadhali rudia aya ya 16 polepole darasani.

Inawezekana kuishika Sabato kwa namna ambayo gharama yake yote inamwangukia kibarua. Tunapumzika sisi, anafunga yeye. Familia hii ilibadilisha makubaliano: badala ya kulipa kwa siku, walilipa kwa kipande cha kazi, kwa kiwango ambacho siku tano zilimtosha kijana kama zamani sita. Iliwagharimu. Kibaraza kilibaki bila sakafu kwa msimu mzima wa mvua.

Tena, kwa kufuata Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, walilipa kila Ijumaa saa tisa alasiri, jua likiwa juu. Fundi alisema hajawahi kufanya kazi mahali ambapo Ijumaa watu hawakusubiri fedha gizani.

ALHAMISI
Ukingo wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8 na Kutoka 21:33, 34. Sheria hizi zinamlinda nani?

Dari za Israeli zilikuwa bapa, watu walikaa juu yake. Ukingo ulimlinda mgeni. Kwetu ni shimo la choo lililoachwa wazi, nondo zilizochomoza njiani, waya wa umeme uliofungwa ovyo. Mungu anayahesabu hayo kuwa mambo ya damu.

Kisha soma Isaya 65:21, 22. Katika nchi mpya watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake, hawatajenga akae mwingine. Fikiri fungu hilo linavyosikika kwa kijana aliyebeba zege la nyumba tano na bado anapanga chumba kimoja.

IJUMAA

Maswali ya Kujadiliana:

1. Baba alikuwa kanisani, mikono yake safi. Je, wewe ungemjibu nini yule binti wa miaka tisa?

2. Jamvi lililomwagwa Sabato bado liko chini ya sebule yao, hawakulivunja. Wengine kundini waliona wangepaswa kulivunja, wengine wakaona huo ni upotevu wa fedha ambazo zingewalipa vibarua. Ninyi mnasemaje, na kwa mafungu yapi?

3. Ni nani anayefanya kazi kwako siku ya Sabato hivi sasa: dukani, shambani, kwenye bodaboda yako, jikoni? Atakula nini ukimpumzisha?

4. Kabla ya Sabato ijayo, zungumza na mmoja wa kundi lenu anayejenga. Muulize kama fundi wake anajua, kwa maneno yaliyo wazi, kiwanja kinafungwa saa ngapi.